Istilahi za Ukusanyaji wa Mbawakawa: Historia ya Zana na Majina Yake

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele yetu sisi tunaoshughulika na istilahi, zipo zile ambazo kwa mtazamo wa kwanza huonekana ndogo mno. Orodha ya zana za kukusanyia wadudu ni mojawapo. Mfasiri mwenye haraka aweza kuimaliza orodha hiyo kwa neno moja tu, "mtego", akaliongezea kivumishi hapa na pale, kisha akageukia kazi nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba njia hiyo ya mkato ina hasara, na kwamba historia ya zana zenyewe ndiyo mwalimu bora wa kutufundisha jinsi ya kuziita.

Tumechagua kundi moja la wadudu, nalo ni la mbawakawa. Hili ndilo kundi lenye aina nyingi kuliko makundi yote ya wanyama: aina zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi zinakaribia 400,000, yaani takriban robo ya aina zote za wanyama zinazojulikana. Ndani yake wamo fukusi wa nafaka, vimulimuli wa usiku, dundu, na wale wanaoviringisha kinyesi cha ng'ombe. Jina la kundi katika sayansi ni Coleoptera, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo Aristotle alikwisha kulitumia: koleos ni ala, kama ala ya kisu, na pteron ni bawa. Kiswahili nacho kina "mbawakawa", na masikioni mwa msemaji jina hilo lina mbawa na kawa, kile kifuniko kilichosukwa cha kufunikia chakula. Majina yote mawili yanaeleza jambo lile lile, kwamba mbawa za mbele za mdudu huyu zimekuwa ngumu na zinafunika zile laini za nyuma. Msomaji aikumbuke kawa hiyo, maana tutaona hapa chini jinsi inavyoamua zana ipi imfae mdudu huyu na ipi isimfae.

Zama za mkono na mwavuli

Zana ya kwanza ya mkusanyaji ni mkono wake. Charles Darwin, alipokuwa mwanafunzi wa Cambridge kati ya mwaka 1828 na 1831, alikuwa na shauku kubwa ya kukusanya mbawakawa. Yeye mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba siku moja alibandua gome la mti mkongwe, akaona mbawakawa wawili wa nadra, akamkamata mmoja kwa kila mkono. Mara akamwona wa tatu, wa aina nyingine. Asitake kumkosa, alimtia mmoja kinywani, naye akamtemea maji makali yaliyomchoma ulimi. Aliyekuwa kinywani ikabidi amteme, na wa tatu naye akampotea.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu kinachekesha, lakini kwetu sisi maneno mengine ya Darwin katika kumbukumbu hizo yana faida zaidi. Anaeleza kwamba alimwajiri kibarua amkwangulie kuvu na ukoga wa miti mikongwe wakati wa baridi na kuutia mfukoni, na kumkusanyia takataka zilizosalia chini ya mashua zilizoleta matete kutoka vinamasini. Kwa njia hiyo alipata aina kadhaa za nadra sana. Hapa tayari kuna mbinu mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza ni kumfuata mdudu anayeonekana. Ya pili ni kuchukua makazi yake yote, kisha kuyachekecha mpaka mdudu abaki. Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja, na hakuna sababu ya kuzichanganya.

Zana nyingine za zama hizo nazo zilitoka nyumbani. Wakusanyaji wa Ulaya walifungua mwavuli, wakaugeuza juu chini ya tawi, wakalipiga tawi kwa fimbo. Mbawakawa wakaangukia ndani. Baadaye mwavuli ukachukuliwa nafasi yake na kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye vijiti viwili vilivyokingamana. Kitendo hicho kwa Kiswahili ni kukung'uta, kama tukung'utavyo mkeka ili vumbi litoke. Mfasiri anayeandika "trei ya kupigia" amefasiri maneno, na kitendo kimemponyoka, kwa kuwa kinachopigwa ni tawi wala si trei. Tunashauri zana hiyo iitwe "kitambaa cha kukung'utia".

Mkulima wa minazi naye anayo zana yake ya mkono. Mbawakawa mwenye pembe, Oryctes monoceros, hutoboa moyo wa mnazi na kujificha humo, na dawa aghalabu haimfikii. Njia ya tangu zamani ni kuingiza katika tundu waya wenye ncha ya kulabu na kumtoa nao. Kitenzi chake ni kuopoa. Neno hili lafaa kuingizwa katika vitabu vya kilimo kama lilivyo, kwa kuwa "kuondoa" na "kutoa" hayabebi maana ya kuvuta kitu kutoka mahali pa ndani kwa kulabu.

Safari za mbali na chupa ya sumu

Alfred Russel Wallace alisafiri katika visiwa vya Malay kuanzia mwaka 1854 hadi 1862. Katika hesabu aliyoitoa mwenyewe, vielelezo alivyorudi navyo vilikuwa 125,660, na kati ya hivyo 83,200 vilikuwa mbawakawa. Idadi hiyo haielezeki kwa bidii ya mtu mmoja mwenye wavu. Mwaka 1855 alikaa karibu na machimbo ya makaa ya mawe huko Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, ambako msitu ulikuwa ukikatwa. Magogo na magome yaliyokuwa yakioza juani yaliwavuta mbawakawa kwa wingi usio wa kawaida. Isitoshe, Wallace aliwatangazia wafanyakazi wa Kichina na Kidayak kwamba angelipa senti moja kwa kila mdudu atakayeletewa. Aina zipatazo 2,000 za mbawakawa alizipata Borneo, na karibu zote zilitoka mahali hapo pamoja.

Somo lililomo humo ni kubwa. Msomaji wa orodha ya Wallace asiyejua habari za magogo na za senti angeweza kudhani kwamba pale Sarawak kuna mbawakawa wengi kuliko kwingineko kote katika visiwa vile. Kumbe namna ya kukusanya imeingia ndani ya idadi. Tangu hapo hata leo, kueleza ulichokusanya bila kueleza ulivyokusanya ni kutoa nusu ya habari.

Katika karne hiyo ya 19 ilienea pia chupa ya kufishia. Aina yake iliyojulikana sana ilikuwa na sianidi ya potasi iliyofunikwa kwa tabaka la plasta, ili mvuke upenye polepole na mdudu afe bila kuharibika. Wengine walitumia majani ya mlauri yaliyopondwa, ambayo nayo hutoa gesi ya namna hiyo hiyo. Siku hizi asetati ya ethili hutumika zaidi, kwa kuwa hatari yake kwa binadamu ni ndogo na huviacha viungo vya mbawakawa vikiwa laini, rahisi kupangwa. Kwa upande wa istilahi tunatahadharisha jambo moja. Maneno "chupa ya wadudu" hayatoshi, kwa kuwa yanaweza kuandikwa pia juu ya chupa ya kuhifadhia wadudu hai darasani. Mwalimu na karani wa stoo wanapaswa kuijua hatari kwa kulisoma jina tu. Ndiyo maana tunapendelea "chupa ya kufishia", na pale penye sianidi neno "sumu" liandikwe juu yake bila kukosa.

Zana zinazongoja

Karne ya 20 ilileta zana zinazofanya kazi wakati mkusanyaji amelala. Mwaka 1931 H. S. Barber wa Marekani alieleza mitego aliyoifanyia wadudu wa mapangoni. Chombo hufukiwa mpaka ukingo wake ulingane na ardhi, na ndani hutiwa kimiminika cha kuhifadhia. Mdudu atembeaye hutumbukia. Mfasiri wa leo hujikuta akiandika "mtego wa shimo la kuangukia", ilhali Kiswahili kina neno la zamani, rima, yaani shimo la kutegea wanyama. Wawindaji walilitumia kwa wanyama wakubwa. Hakuna kinachozuia lipunguzwe kimo na kutumiwa kwa mbawakawa.

Neno rima lina faida nyingine iliyo ya kisayansi. Kila mwindaji alijua kwamba rima halimwiti mnyama wala halimfukuzi; linamngoja apitaye. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mbawakawa. Rima hupima mwendo pamoja na wingi. Aina yenye mbio itaonekana kuwa na watu wengi kuliko aina iliyotulia, hata kama idadi zao ni sawa. Wataalamu wa ikolojia wameandika mengi kulieleza jambo hilo, na jina zuri laweza kumpa mwanafunzi fununu yake mapema.

Zana ya pili ya kungoja ilitokana na hema. René Malaise wa Sweden aligundua kwamba wadudu wanaoingia hemani mwake hupanda juu na kukusanyika pembeni mwa paa. Akashona mtego wenye umbo la hema, akaufanyia kazi Burma mwaka 1934, na mwaka 1937 akauchapishia maelezo. Chombo cha kukusanyia huwekwa juu kabisa, kwa sababu nzi, nyigu na wengineo wakikutana na kizuizi hupanda.

Hapa ndipo tunaporudia ile kawa. Mbawakawa wengi, wagongapo kizuizi wakiwa angani, hufunika mbawa na kuanguka. Chombo kilicho juu kinawakosa. Kwa ajili yao ilibidi kizuizi cha wima, cha kioo au cha kitambaa chembamba, kiwekewe mabeseni chini. Mwaka 1980 Peck na Davies walieleza namna ya kutumia vizuizi vipana vya aina hiyo kukusanya mbawakawa wadogo. Kama zana zote mbili zitaitwa "mtego wa wadudu warukao", basi ofisa wa ugavi aweza kuagiza hema kwa ajili ya utafiti wa mbawakawa, na fedha ya umma ikapotea kwa sababu ya neno. Tunashauri ya kwanza iitwe "hema la mtego" na ya pili "kikingio".

Zana zinazofukuza

Mbawakawa wengi wadogo huishi katika majani makavu yaliyoanguka na katika udongo, wasikofikiwa na wavu wala kikingio. Antonio Berlese wa Italia alieleza mwaka 1905 faneli iliyozungukwa na maji ya moto. Majani huwekwa juu, joto huyakausha, na wadudu hukimbilia chini penye unyevu mpaka wakadondokea chupani. Albert Tullgren wa Sweden baadaye, mwaka 1918, aliyaondoa maji ya moto na kutumia balbu ya umeme. Kwa mtafiti aliye mbali na umeme upo mfuko unaohusishwa na jina la Winkler wa Vienna. Majani huchekechwa kwanza, kisha hutundikwa ndani ya mfuko wa kitambaa, yakauke yenyewe kwa siku kadhaa.

Majina ya wavumbuzi yana heshima yake, na hatupendekezi yafutwe. Lakini jina la mtu likisimama peke yake halimfundishi mwanafunzi wa Songea au wa Kakamega jambo lolote. Tunashauri kichwa cha istilahi kiwe kitendo cha zana, na jina la mtu lifuate pale tu panapohitajika kutofautisha: "faneli ya joto", na ikilazimu, "faneli ya joto ya Tullgren", "mfuko wa kukaushia", na ikilazimu, "wa Winkler".

Zana iliyoleta mshindo mkubwa kuliko zote katika kundi hili ni ya kufukiza. Mashine hurusha ukungu wa dawa juu ya kilele cha mti, na wadudu hudondokea juu ya vitambaa vilivyotandazwa chini. Dawa zinazotumika ni za jamii ya pareto, zao linalofahamika vema kwa wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Terry Erwin alifukiza miti 19 ya aina moja, Luehea seemannii, huko Panama, akapata aina zipatazo 1,200 za mbawakawa. Akakadiria kwamba 163 kati yao ni za mti huo peke yake, akazidisha kwa aina 50,000 za miti ya nchi za joto, na kwa hatua nyingine za hesabu akafikia mwaka 1982 makadirio ya aina milioni 30 za arithropoda katika misitu hiyo. Dunia ilishtuka. Watafiti waliofuata wamepunguza sana idadi hiyo. Makadirio ya mwaka 2015 ya Stork na wenzake yalitaja aina milioni 5.5 za wadudu, na miongoni mwao mbawakawa milioni 1.5. Hata hivyo mlango ulikwisha kufunguliwa kwa zana moja tu.

Kuna wanaosita kutumia "kufukiza" kwa kuwa neno hilo lina harufu ya ubani na udi. Sisi hatuoni kasoro. Mwenye kufukiza nyumba anataka moshi upenye kila pembe, na ndilo lengo la mashine hii. Neno "kunyunyiza", ambalo limewahi kutumika badala yake, linapotosha, kwa kuwa matone ya kunyunyiza huanguka, na ukungu huu hupanda.

Zana zinazoita

Kundi la mwisho ni la zana zinazomvuta mdudu aje mwenyewe. Taa ni ya zamani. Wavuvi wa dagaa wanaijua kazi hiyo kwa karabai zao, na mkusanyaji wa mbawakawa hutandika shuka jeupe nyuma ya taa kwa nia ile ile. Wavuvi hao hao wanajua kwamba mbalamwezi huharibu kazi, na ndivyo ilivyo kwa wadudu wa usiku. Chambo nacho ni cha zamani: kinyesi, mzoga au tunda lililochacha huwekwa juu ya rima, na kila chambo huleta jamii yake.

Jambo jipya ni feromoni, na hapa kosa la istilahi humfikia mkulima moja kwa moja. Dumuzi wa mahindi, Prostephanus truncatus, ni mbawakawa mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania, akagunduliwa katika mkoa wa Tabora, na mwaka 1981 akatambuliwa rasmi. Wakulima hawakungoja kikao chochote cha istilahi. Walimwita Scania, jina la lori zito, na aliyeona mahindi yake yamegeuka unga ghalani alielewa kwa nini. Baadaye wataalamu walitengeneza kwa kemia harufu ambayo dumuzi dume huitoa kuwaita wenzake, wa kike na wa kiume, wakaitia ndani ya vifaa vya kuwanasia.

Kifaa hicho kikiitwa "mtego wa dumuzi", mkulima anaahidiwa nini? Kwa Kiswahili mtego ni ahadi. Mwenye kutega panya anatarajia panya apungue. Lakini kifaa hiki kazi yake ni kupima: kuonyesha kama dumuzi amefika mahali fulani, na kama mwaka huu ruko lake ni kubwa au dogo. Hakiwamalizi. Zaidi ya hayo, hutakiwa kiwekwe mbali na ghala, kwa kuwa harufu inayowaita haichagui waishie wapi. Mkulima anayelisoma jina na kukining'iniza ghalani, akiwa na nia njema kabisa, amewaandalia dumuzi karamu. Tena mdudu mwindaji wa dumuzi, Teretrius nigrescens, aliyeachiliwa Togo mwaka 1991 na baadaye katika nchi nyingine za Afrika, Kenya ikiwamo, huifuata harufu hiyo hiyo. Kifaa kisichoeleweka humnasa rafiki pamoja na adui.

"Chambo" pia halifai hapa, kwa kuwa chambo ni chakula, na dumuzi haji kwa njaa. Tunapendekeza dutu yenyewe iitwe "kiitio", na kifaa kizima kiitwe "kiitio cha kupimia". Neno "kupimia" lisiachwe hata katika bango la ukubwa wa kiganja.

Kanuni na orodha

Ipo sababu moja ya kazi inayotulazimisha kuchagua majina mafupi. Kila mbawakawa anayehifadhiwa hubandikwa kilebo chenye ukubwa wa ukucha. Humo huandikwa mahali, tarehe, mkusanyaji na mbinu. Istilahi ya maneno matano haina nafasi humo, na mbinu ikikosa nafasi haitaandikwa. Mtafiti wa miaka mia ijayo atamwona mdudu, asijue kama alingojwa, alifukuzwa au aliitwa. Kwa hiyo tunaweka mbele ya wasomaji wetu kanuni tatu: istilahi itaje kitendo cha zana, itumie kwanza neno lililo hai katika uwindaji, uvuvi na kazi za nyumbani, na iwe fupi kiasi cha kuingia katika kilebo. Orodha ifuatayo imefuata kanuni hizo.

Chekeche: chombo cha kutenga wadudu na majani au udongo.
Chupa ya kufishia: chupa yenye mvuke wa kuua vielelezo.
Faneli ya joto: faneli inayofukuza wadudu kutoka katika majani kwa joto na ukavu.
Hema la mtego: mtego wa kitambaa wenye chombo cha kukusanyia juu.
Kiitio: dutu ya harufu inayovuta wadudu wa aina fulani.
Kiitio cha kupimia: kifaa chenye kiitio, cha kuonyesha kuwapo na wingi wa mdudu.
Kikingio: kizuizi cha wima chenye mabeseni chini.
Kitambaa cha kukung'utia: kitambaa cha kupokea wadudu waangukao kutoka katika tawi.
Mfuko wa kukaushia: mfuko unaotenga wadudu na majani bila moto.
Rima: chombo kilichofukiwa sawa na ardhi, cha kunasa wadudu watembeao.
Ufukizaji: urushaji wa ukungu wa dawa katika kilele cha mti.
Ulimbo: gundi ya kunasia wadudu.

Wafasiri, walimu na maofisa wa kilimo watakaoyatumia majina haya ndio watakaoyapima. Likionekana neno lisiloeleweka shambani au darasani, na libadilishwe. Tunaloomba lisibadilishwe ni ile kanuni ya kwanza, kwamba jina la zana limwambie msomaji kile ambacho zana hiyo humfanyia mdudu.